Samaki kwa Kiingereza

Neno la kwanza la Kiingereza kuniaibisha lilikuwa samaki. Ni mwaka 1983, darasa la pili, mjini Lodwar. Sista alimchora samaki ubaoni kwa chaki, jicho moja kubwa na magamba ya harakaharaka, akatugeukia akatuambia tulitaje jina lake. Darasa zima likaitika: "Pis!" Akaugeukia ubao upesi, akajifanya anamwongezea samaki pezi. Tuliona mabega yake yakitikisika.

Hatukujua kinachochekesha. Kiturkana hakina f. Hakina sh wala h, wala v, wala z. Neno fupi kama lile lilikuwa na mitego miwili, mmoja mwanzoni na mwingine mwishoni, na sisi tuliiingia yote miwili kwa sauti kubwa. Sista akaanza kupita dawati kwa dawati na kioo kidogo cha mfukoni chenye ukingo wa plastiki nyekundu. Alikiweka mbele ya mdomo wa mtoto na kumwonyesha: meno ya juu yaguse mdomo wa chini, halafu achia pumzi. Alitaka kioo kiingie ukungu, lakini saa nne ya asubuhi Lodwar haina ukungu, hata wa mdomoni. Kesho yake akaja na unyoya wa kuku. Unyoya ukitetemeka, umesema f. Ukiruka, umesema p. Wangu uliruka mpaka dawati la nyuma.

Nyumbani nilimweleza nyanya kwamba tunafundishwa samaki. Akasonya. Kwa wafugaji wa rika lake, aliyekula samaki ni yule aliyeishiwa mifugo akateremka ziwani kwa kukosa la kufanya. "Waambie wakufundishe mbuzi," alisema.

Sista alitoka Ayalandi, na hilo lilichukua miaka mingi kuniingia akilini. Kwangu alikuwa mzungu, na wazungu wote walikuwa na Kiingereza kimoja, kama vile maji yote ni maji. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeifunga Turkana kwa miongo kadhaa, mtu wa nje haingii bila kibali. Lodwar ilijulikana kwa mahabusu: Jomo Kenyatta alizuiliwa hapo baada ya kutolewa gereza la Lokitaung, hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Mwaka huohuo, njaa ikiwa imebana, mlango ulifunguliwa kidogo na wakaingia mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrick, ambao makao yao makuu yako Kiltegan, katika kaunti ya Wicklow. Masista na walei walifuata. Jimbo Katoliki la Lodwar lilipoundwa mwaka 1978, askofu wake wa kwanza alikuwa John Mahon, Mwayalandi. Aliyempokea, Patrick Harrington, Mwayalandi pia, alikaa hadi mwaka 2011. Piga hesabu: kwa nusu karne, mtoto wa Kiturkana aliyepitia mikononi mwa misheni alilishwa Kiingereza cha kisiwa kimoja kidogo chenye mvua isiyokwisha, naye ameketi mahali ambapo mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama.

Kwa hiyo herufi ya nane sisi tuliiita "haich". Thelathini na tatu tuliisema "tirty-tree". Sista alipowaita watoto wengi kwa pamoja hakusema "you", alisema "ye", na jambo hilo lilituingia bila maswali, kwa sababu mtu mzima mwenye akili atawezaje kuwa na neno moja tu la wewe na ninyi? Kuna kingine nilichokipenda zaidi. Alipokuwa ametoka kula, alisema "I'm after eating." Niliisikia kama Kiswahili kitupu: nimetoka kula. Nikaiweka mfukoni, ikanikaa vizuri, na nikaitumia mpaka siku iliponitia matatani.

Mjini kulikuwa na wazungu wengine, Wanorwei. Serikali yao ilikuwa imejitwika Turkana kama mradi: barabara ya lami kutoka Kitale, kiwanda cha kugandisha samaki kule Kalokol ambacho kilifanya kazi kwa muda mfupi mno, na magari meupe yaliyopita kasi mbele ya mikoma ya kando ya Turkwel. Kiingereza chao kilikuwa kama wimbo. Sentensi ilipanda kilima, ikateremka, ikapanda tena kidogo kabla ya kufika. Jirani yetu aliyewafulia nguo alikuwa anawaigiza jioni, na tulicheka mpaka machozi. Nilichokuja kugundua baadaye ni kwamba Wanorwei hawana z. Mnorwei akitaja "zoo" husema "soo", sawasawa na mjomba wangu. Lakini mjomba alipoisema, watu walisema hajasoma. Oktoba 1990 Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norwei, na baada ya muda mfupi wimbo ule ukatoweka mjini. Magari yakabaki, yakaendeshwa na watu wengine mpaka yakafa.

Wajaluo waliofuata samaki hadi Kalokol nao walikuwa na lao. Kijaluo kina f lakini hakina sh, kwa hiyo kwao samaki alikuwa "fis". Nilipomsikia mvuvi mmoja sokoni nilifurahi kupita kiasi. Yeye alikuwa amevuka mtego wa kwanza, akanaswa na wa pili. Nilihesabu: sisi makosa mawili, yeye moja, Sista hana. Nilidhani ni ngazi, na kwamba nikijitahidi nitafika juu.

Shule ya bweni ya Kitale iliniondolea dhana hiyo katika wiki moja. Huko kila mtu alikuwa anashrabu, yaani anatamka Kiingereza kwa lafudhi ya kwao. Mkikuyu alipanda "rorry", Mbukusu alipanda "pasi" iliyomleta kutoka Bungoma, na Mjaluo alikuwa na "fis" wake. Walichekana kutwa nzima, lakini kwa kujuana, kama binamu wanaotaniana. Nilipofungua mdomo mimi, kicheko kilikuwa kingine. Nilikuwa nimeshaimudu f. Nilikuwa nimeipigania kwa unyoya wa kuku. Ila nikasema "tirty-tree", na bweni zima likanyamaza kwanza, maana hakuna aliyewahi kuisikia shrabu hiyo. Ilikuwa ya kabila gani? Wakaamua ni Kiturkana. Kwa miaka minne nilibeba lafudhi ya Wicklow kama ushahidi kwamba watu wa jangwani hawawezi kutamka.

Mwalimu wa Kiingereza naye alinipitishia kalamu nyekundu kwenye "I am after eating", akaandika pembeni kwamba nifikiri kwa Kiingereza, nisitafsiri lugha ya mama. Niliitazama ile kalamu nyekundu kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeandika Kiingereza kama nilivyokipokea kwa mwenye nacho. Ni kweli kwamba Waayalandi wenyewe waliipata namna hiyo ya kusema kutoka lugha yao ya zamani, kwa hiyo mwalimu alikuwa sahihi kwamba kuna lugha ya mama iliyotafsiriwa, ila haikuwa ya mama yangu.

Mwaka 1999 nikapata kazi ya ualimu Kakuma, kilomita kama 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar. Waandishi wa ng'ambo huandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo popote. Nimesema Kiswahili tangu nina meno ya utotoni na sijakutana na neno hilo. Mji ulikuwepo, na mto wake Tarach, ambao mwaka mzima ni mchanga na siku moja ni kifo, kabla kambi haijafunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya wavulana waliotembea kutoka Sudan hadi Ethiopia, wakafukuzwa na vita huko pia, wakatembea tena hadi Kenya.

Darasa langu lilikuwa la matofali ya udongo na paa la bati, wanafunzi zaidi ya 90, wengine wakubwa kuliko mimi kwa kimo, na mmoja au wawili huenda hata kwa umri. Wiki ya kwanza niliwapa imla. Nilichagua sentensi bila kufikiri, au labda nilifikiri sana: polisi waliwakuta samaki watano bwawani. Kwa Kiingereza, bila shaka. Niliisoma mara tatu, polepole, nikipita kati ya madawati na ile f yangu ya kujivunia. Jioni nikakaa na madaftari chini ya taa ya chemli.

Kijana wa Kidinka kutoka upande wa Bor alikuwa ameandika: "The police pound pive pish in the pond." Msichana wa Kisomali aliyekaa nyuma yake: "The bolice found fife fish in the bond." Niliyaweka madaftari hayo mawili ubavu kwa ubavu. Kidinka hakina f, kama Kiturkana. Kisomali kina f na sh safi kabisa, lakini hakina p wala v. Kila mmoja alikuwa ameandika alichokisikia, na kila mmoja alikuwa na masikio yaliyonolewa na nyumba yake. Msichana yule ndiye pekee katika darasa zima aliyemtaja samaki bila kosa, naye akaniambia kesho yake kwamba hajawahi kumla na hana nia hiyo. Nikamkumbuka nyanya.

Nilipomwita yule kijana asome sentensi kwa sauti, nilisikia jambo ambalo daftari halikulionyesha. Akasema "polith", akasema "pith". Herufi s pia haikuwamo. Alipofungua mdomo nikaona: meno ya mbele ya chini hayapo. Kwao hung'olewa utotoni, na kwetu Waturkana vilevile, mawili ya katikati. Mjomba wangu yuleyule wa "soo" alikuwa na pengo hilo, na alitueleza kwamba mtu akipatwa na pepopunda, taya likifunga, atanyweshwa maziwa kupitia hapo. Mimi nilisalimika kwa sababu ya shule. Nilimtazama kijana wa Kidinka na nikaona mdomo wa ukoo wangu. Nje ya darasa, watu wake na watu wangu walikuwa wanagombana kuhusu kuni, maji na mbuzi waliopotea usiku, na kulikuwa na damu mara kwa mara. Ndani ya darasa walisema p moja.

Mwaka 2000 Marekani ilikubali kuwachukua wavulana wale, zaidi ya 3,000. Waliandika historia za maisha yao, wakahojiwa, kisha majina yakabandikwa ubaoni na watu wakasongamana hapo tangu alfajiri. Wengi walikuja kwangu jioni kufanya mazoezi ya usaili. Hawakuogopa maswali, walichoogopa ni kwamba mzungu hatawaelewa. Yule kijana wa imla alikuwa na sentensi moja tu iliyomsumbua, na ilikuwa ya kwanza katika karatasi yake. Ilianza kwa neno baba. "My pather," alisema. Nikamwonyesha meno ya juu, mdomo wa chini, pumzi. "My pather." Nikachana ukurasa wa daftari, nikakata kipande chembamba nikakishika mbele ya mdomo wake, maana kuku hawakuwepo. Kipande kikaruka. Tulirudia mpaka giza likaingia. Hatimaye akanyamaza, halafu akasema kwa Kiswahili chake kidogo, "Mwalimu, hiyo neno mimi sikuzoea kusema." Alikuwa na miaka kama mitano alipotengana na babake. Tukaiacha. Aliondoka mwanzoni mwa mwaka 2001, na ndege ya mizigo ilipopaa kutoka kiwanja cha vumbi watoto walikimbia nyuma yake kama kawaida.

Nilibaki. Walikuja watu wengine. Mwalimu mwenzangu mmoja alikuwa Mkongomani wa Bukavu, na ofisini tulikalia benchi moja. Alinisalimu kila asubuhi kwa "aksanti" hata kabla sijampa kitu, akawaita wanafunzi "batoto", na Kiingereza chake kilikuwa kimepitia Kifaransa kwanza, kwa hiyo kilikuwa kimevuliwa h njiani. Hospitali aliingia bila h, akatoka bila h. Siku moja tulibishana kuhusu jina la herufi hiyo. Mimi nikasema ni haich, mwalimu wa Kikenya akasema ni eich, yeye akacheka: "Miye naiita ashi, na siitumiki." Hapo nikamwambia kwamba Kiturkana nacho hakina h, ila mimi niliifundishwa mara mbili, katika neno na katika jina lake. Akaniangalia kwa huruma. Tulikuwa tunazungumza Kiswahili, yeye chake cha Kivu na mimi changu cha Lodwar kilichochovywa Kitale, na kila mmoja wetu aliamini moyoni kwamba mwenzake ndiye mwenye lafudhi.

Nilisafiri Lodwar kila mwisho wa muhula. Safari moja bado inanichekesha na kuniuma kwa pamoja. Basi lilisimamishwa kwenye kizuizi, akapanda askari kutafuta wakimbizi wasio na ruhusa ya kusafiri. Kando yangu aliketi kijana wa Kitoposa kutoka Sudan. Mtoposa na Mturkana huelewana bila mkalimani, na hivyo pia Wakaramojong na Wajie wa Uganda, na Wanyangatom wa Ethiopia. Ni lugha zilizozaliwa nyumba moja, hata irabu ya mwisho wa neno hunong'onwa namna ileile mpaka mgeni hudhani haipo. Mipaka ya nchi nne imepita katikati yake. Kama lafudhi ya mtu ya Kiingereza hutoka katika lugha ya mama, kama alivyoamini mwalimu wangu wa Kitale, basi mimi na Mtoposa yule tungefanana.

Askari akamsemesha yeye kwanza. Akajibu kwa Kiswahili cha vijana wa Kitale, ambako alikuwa amesoma miaka miwili kwa hisani ya padri fulani, "Sawa boss, naenda kuona mshee." Askari akacheka, akapita. Akanigeukia mimi, kwa Kiingereza, akataka namba ya kiti changu. Nilikuwa nimekalia kiti cha 33.

Unajua nilivyojibu. Akaniuliza nirudie, nikarudia, na kila nilivyojitahidi ndivyo Wicklow ilivyozidi kutoka. Akakichukua kitambulisho changu, akakigeuza pande zote, akasema Kiingereza hiki si cha Kenya. Akaniteremsha. Nilikaa chini ya mgunga labda nusu saa, na basi zima likinisubiri kwa minong'ono, mpaka mama mmoja mzee alipoteremka na shanga zake shingoni akaja kunisimamia. Hakunisikiliza lafudhi hata kidogo. Aliniuliza chapa ya ng'ombe wetu, kwani kwetu ukoo hujulikana kwa chapa. Nikamwambia. Akamgeukia askari akasema kwa Kiswahili cha amri, "Huyu namjua nyanya yake. Mpe karatasi yake." Nilirudi kitini. Mtoposa alikuwa anatazama nje dirishani kwa makini makubwa. Baada ya kilomita kadhaa alinionyesha ruhusa yake ya kusafiri, iliyokunjwa ndani ya soksi. Ilikuwa imekwisha muda siku 9 zilizopita.

Sikumlaumu sana askari yule, kwa sababu baadaye nilijua kwamba wasomi hufanya hivyohivyo, ila wakiwa na vipaza sauti. Baadhi ya nchi za Ulaya humrekodi mwomba hifadhi akizungumza, kisha mchambuzi, pengine katika kampuni ya Sweden, anasikiliza na kuamua ametoka wapi. Wabajuni wanalijua hilo vizuri. Kibajuni kiko Kismayu na visiwa vyake, na kiko Lamu na vijiji vya jirani, na mtu aliyezaliwa Somalia akakulia katika kambi karibu na Mombasa au huku Kakuma atazungumza kama nani? Mwaka 2004 wanaisimu wa nchi mbalimbali walitoa mwongozo wakaonya kwamba usemi unaweza kuonyesha mtu alikolelewa, lakini hauwezi kuonyesha uraia wake. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikalazimika kuamua ripoti kama hizo zipewe uzito gani. Ningependa kumpeleka kule yule mama wa shanga.

Oktoba ya mwaka fulani baada ya minara ya simu kufika kwetu, simu yangu iliita kwa namba ndefu. Alikuwa yule kijana wa imla, sasa mtu mzima, Omaha, Nebraska. Sauti ilikuwa yake lakini imevaa koti. Maji yalikuwa "wara". Sentensi ziliteleza kwenye r ambazo hakuondoka nazo Kakuma. Kazini, aliniambia, katika kiwanda cha nyama, watu wa Mexico walimwelewa kuliko Wamarekani, na watu weusi wa pale walimwuliza kwa nini anasema kama mzungu wa shambani. Mdogo wake alikuwa amechukuliwa Australia, yuko Melbourne, na yeye leo aliiita "tudai". Wakizungumza kwa simu, ndugu hawa waliozaliwa tumbo moja, huacha Kiingereza kikiwachosha wakarudi Kidinka, ambacho nacho kimeanza kupinda kila kimoja upande wake.

Nilimwelewa kwa sababu tunawaona waliotoka Kakuma. Awer Mabil alizaliwa Kakuma mwaka 1995, akaenda Adelaide akiwa mtoto, na Juni 2022 akafunga mkwaju wake dhidi ya Peru, Australia ikaingia Kombe la Dunia. Halima Aden alizaliwa Kakuma mwaka 1997, akakulia Minnesota, akawa mwanamitindo wa hijabu anayejulikana dunia nzima. Wasikilize wakihojiwa. Huyu ni Mwaustralia mtupu na yule ni Mmarekani wa kaskazini, na wote wawili walipumua vumbi lilelile. Turkana nako, mafuta yalipopatikana kisima cha Ngamia-1 mwezi Machi 2012, kampuni iliyochimba ilikuwa Tullow, iliyoanzia Ayalandi na kuchukua jina la mji ulio kaunti ya Carlow, jirani wa Wicklow. Mhandisi mmoja aliagiza chai hotelini karibu na meza yangu, akahesabu pesa, akafika tirty. Nikainua kichwa kama mtu aliyeitwa jina.

Mara ya mwisho yule kijana wa imla aliponipigia kutoka Omaha alikuwa na habari. Amewekewa meno. Daktari wa huko alikuwa amewafanyia Wasudani kadhaa, meno ya kupandikizwa, ya kudumu, na yeye alikuwa amekaa miezi mingi akila uji kama mgonjwa wa pepopunda. Mamake alikuwa ameona picha, akasema amekuwa kama punda. Lakini yeye alifurahi. Alitaka nimsikilize.

"Mwalimu, nipe imla."

Nikaisoma ile sentensi ya mwaka 1999, polepole, mara tatu. Kimya kidogo, nikasikia anavuta pumzi upande wa pili wa dunia. "Polis," akasema, na s ilipita safi kama kisu. Nikamwambia endelea. Akafika kwenye samaki. Meno ya juu yalikuwa yake tangu mwanzo, hakuna aliyeyagusa, na f hutengenezwa huko juu. Meno ya chini hayakuwa na msaada wowote kwa f.

"Pis," akasema.

Nikaanza kucheka, naye akaniuliza kwa wasiwasi kama bado ni vibaya. Nikamwambia hapana. Nikamwambia wamempa meno ya dola elfu kadhaa, wakamfanya Mturkana.